Mkia Mgumu

Kuna pikipiki ambayo gurudumu lake la nyuma halina springi. Hakuna shokapu, hakuna mkono wa kupanda na kushuka. Fremu inaanzia shingoni, kwenye usukani, inapita chini ya tangi, inaizunguka injini, halafu inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye ekseli ya nyuma, chuma kitupu. Ukiitazama kwa ubavu unaona mstari mmoja, kama mti wa samaki. Jina lake la kigeni ni hadteli, yaani mkia mgumu. Picha zake zimejaa Instagram, nyingi za California na Japani, na kila mara kuna jamaa ameegemea ukuta pembeni, hana haraka ya kwenda popote.

Yangu iko Malindi. Ilikuwa Boxer ya bodaboda.

Wanaoiona hudhani nimebuni jambo jipya, na hapo huwa nawaambia historia kidogo. Karibu pikipiki zote za mwanzo zilikuwa hivi, kwa sababu zilizaliwa na baiskeli. Harley-Davidson iliweka shokapu za nyuma kwenye pikipiki zake kubwa mwaka 1958. Kabla ya hapo aliyekaa juu ndiye aliyekuwa shokapu, akisaidiwa na springi za kiti. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa Marekani waliorudi nyumbani walianza kuzikata pikipiki zao, wakitupa madigadi na kila chuma kisichosaidia mbio. Mwaka 1969 filamu ya Easy Rider ikaisambaza sura hiyo duniani. Pikipiki za filamu ile zilitengenezwa kwa kazi ya Cliff Vaughs na Ben Hardy, Wamarekani weusi wawili ambao kwa miaka mingi watazamaji hawakuwajua hata kwa jina.

Halafu ikaja mwaka 1984. Harley wakatoa mtindo walioupa jina Softail. Shokapu zilikuwepo, ila zimefichwa chini ya mashine, mbali na macho, ili pikipiki ionekane ina mkia mgumu huku mwenyewe amekaa raha mustarehe. Hilo ndilo lililonikaa kichwani kuliko yote. Kuna watu walitoa pesa nzuri ili waonekane hawana springi.

Lakini hakuna haja ya kwenda Marekani. Nenda Ganze au Bamba uangalie baiskeli. Ile nyeusi nzito, Black Mamba, yenye breki za vyuma na kiti cha ngozi juu ya springi, fremu yake ni ngumu kutoka mbele hadi nyuma. Babu yangu alibebea mnazi kwa baiskeli kama hiyo. Bodaboda yenyewe ilianza hivyo, mpakani Busia, baiskeli zenye mto nyuma zikivusha watu kati ya Kenya na Uganda. Na huko Goma kuna chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba magunia ya viazi na mkaa, hakina springi hata moja, na mji umekisimamishia sanamu. Kwa hiyo mkia mgumu tunao siku nyingi. Tulichokosa ni mtu wa kuuita mtindo.

Sasa nije kwenye Boxer.

Kaka yangu aliinunua mwaka 2014. Miaka hiyo kila kijana aliyeshindwa kupata kazi hotelini alikuwa anapanda pikipiki. Serikali ilikuwa imeondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, bei zikashuka, na steji zikaota kila njiapanda kutoka Mtwapa mpaka Marereni kama uyoga baada ya mvua. Kaka alikaa steji ya Malindi. Alipeleka watu Gongoni, Marafa, Watamu, popote. Alibeba madafu, makuti, magunia ya makaa, jerikeni za mnazi nne kwa mpigo, mabati yaliyofungwa ubavuni kama mabawa. Alimbeba mama mjamzito usiku wa mvua, na jeneza la mtoto mchana wa jua kali. Sheria inaruhusu abiria mmoja nyuma. Njaa ina sheria zake, ikaruhusu watatu.

Karo yangu ya mihula minne ilitoka kwenye kiti kile. Nilipoacha chuo mwaka wa tatu hakukuwa na hadithi tamu ya kujitafuta. Hesabu zilikataa, basi. Mke wa kaka alikuwa amejifungua, mvua zilikuwa zimekatalia watu ndani, na mimi nilikuwa na laptopu na watu wawili Nairobi waliokuwa tayari kunilipa kwa maneno. Nikarudi nyumbani kuandika. Marafiki walioko Mombasa huniona shujaa, ati nimejitengeneza mwenyewe. Huwa nanyamaza, kwa sababu najua mwezi ambao wahariri hawakulipa, nani alinunua bando.

Mwaka jana fremu ya Boxer ikapasuka. Ufa ulikuwa pale juu, mahali shokapu inapofungwa, na kaka alipokwangua rangi akakuta kutu imekula bomba kutoka ndani. Pwani ni hivyo. Hewa ya bahari haina huruma na chuma, na ukipeleka mizigo Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, pikipiki inakunywa chumvi kila siku. Kaka akachukua pikipiki nyingine kwa mkopo wa kulipa kila siku. Boxer tukaihamishia jina langu, akanirushia funguo. "Haya mdogo wangu, zika hiyo maiti."

Mama hakutaka maziko. "Fremu ya mkononi yapatikana," alisema. "Itie, mpe kijana wa watu aendeshe, jioni akuletee mia tatu zako. Chombo cha kula hakifanywi pambo."

Nilimwelewa. Hata hivyo nilitaka kuikata, na nilimwambia ukweli kwa nini. Nyumbani kwetu kila kitu kinafanya kazi. Mbuzi anafanya kazi, simu inafanya kazi, mnazi wa uani una deni la mtu. Nilitaka kitu kimoja tu ambacho kipo kwa sababu ni kizuri. Mama aliniangalia kwa muda, kisha akarudi kukuna nazi. Kwa mama yangu hiyo ni ruhusa, ila ni ruhusa ya shingo upande.

Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Unatoa springi? Mimi nimezitafuta springi miaka kumi, wewe unazitoa?"

Fundi tuliyemwendea ana kibanda nyuma ya soko, mzee wa makamo, mchomeleaji wa mageti na vitanda, aliyewahi kushona upya keria za nusu ya bodaboda za mji. Nilimwonyesha picha. Akaizungusha simu huku na huku, akauliza swali moja: "Huyu anakaa wapi?" Nikamwambia juu ya kile kiti kidogo. "Na abiria?" Nikamwambia hakuna. Akanitazama kama mtu aliyekuja kuchonga mtumbwi wa kuweka sebuleni.

Kuna njia mbili za kufanya kazi hii, na kama unafikiria kuifanya, sikiliza hapa. Njia ya mkato ni kufungua shokapu mbili, kuweka vyuma viwili vilivyonyooka mahali pake, na kukaza bolti. Saa moja umemaliza, na kwa mbali inaonekana sawa. Shida ni kwamba ule mkono wa nyuma na zile pembe za juu ziliundwa zikijua kuna springi ya kumeza kishindo. Ukiitoa springi, kila shimo la barabarani linapiga nyundo mahali palepale. Fundi alinionyesha ufa wa kaka kwa kidole. "Shokapu zake zilikufa zamani," alisema. "Hapa ndipo palipolipa."

Njia ya pili ni kukata. Unakata nyuma yote baada ya injini, unatupa mkono na pembe, unajenga mkia mpya wa pembetatu mbili kutoka kwenye bomba mpya hadi kwenye bamba nene la kushika ekseli. Pembetatu haina cha kupinda, ndiyo maana baiskeli ya babu ilidumu. Fundi alikataa katakata bomba la maji. Lina mshono, na lina rangi ya zinki ambayo ukiichoma inatoa moshi mweupe wa kukulaza na homa. Wachomeleaji wetu hunywa maziwa kujikinga na moshi ule. Fundi naye hunywa, ila alisema dawa hasa ni kutoichoma kabisa. Tukanunua bomba lisilo na mshono.

Kila mahali bomba jipya lilipokutana na la zamani, aliingiza kipande kingine cha chuma ndani, kama mfupa ndani ya nyama, kisha akachomelea juu. Hakuchomelea mara moja kuzunguka. Alichoma kidogo kushoto, kidogo kulia, akasubiri, kwa sababu chuma kikipata moto upande mmoja kinavuta na gurudumu linakaa kombo. Kabla ya kila hatua alivuta uzi kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, akafumba jicho moja. Siku ya pili aliufungua uzi na kuanza upya kwa ajili ya tofauti ambayo mimi sikuiona. "Wewe huioni," alisema. "Ukifika themanini utaisikia."

Nilijifunza pia kuhusu cheni. Kwenye pikipiki ya kawaida unaiacha ilegee, kwa sababu mkono wa nyuma ukipanda na kushuka, umbali kati ya sproketi mbili unabadilika. Kwenye mkia mgumu umbali haubadiliki kamwe. Cheni inakaa pale ulipoiweka, tulivu. Ni jambo dogo, lakini lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Siku tatu. Chuma na kazi vilinila shilingi elfu kumi na moja, pesa ya makala mbili. Kiti alikishona fundi wa viatu, ngozi ya kahawia juu ya springi mbili nene za chuma chakavu. Namba ya fremu iko shingoni, kwa hiyo haikuguswa, lakini kumbuka sheria ya trafiki inataka mabadiliko makubwa ya chombo yaandikishwe, na polisi wa barabarani hawajui kwamba California ni mtindo. Na usikate pikipiki yenye mkopo. Hiyo siyo yako bado.

Safari ya kwanza nilielekea Mambrui, kupita daraja la Sabaki. Kwenye lami nzuri utafikiri unaruka. Pikipiki imeshuka, imetulia, unaisikia barabara kama unaigusa kwa kiganja. Halafu likaja tuta.

Tuta la kwanza linakufundisha dini. Gurudumu la nyuma halifuati umbo la barabara, linarushwa hewani, na ukiwa umekanyaga breki wakati huo, breki haina cha kushika. Unajifunza kuachia breki kabla ya tuta, kusimama kidogo kwenye vikanyagio, na kuyaacha magoti yafanye kazi ya springi. Unapunguza upepo wa tairi kidogo. Unasoma barabara mita hamsini mbele. Baada ya wiki mbili nilikuwa najua kila shimo kati ya Malindi na Gede kwa jina lake la utani.

Kisha nikaenda Kilifi, kilomita kama sitini. Baada ya Gede barabara inafuata msitu wa Arabuko Sokoke, kivuli upande wa kulia, hewa baridi, na nilikuwa na furaha ya kweli. Matsangoni kiuno kikaanza kuuliza maswali. Tezo vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nilipofika Kilifi nilishuka kama mzee, nikakaa chini ya mwarobaini nikinywa madafu, mikono bado inatetemeka. Nilikuwa nimeendesha saa moja na nusu, tena kwa hiari, kwenye lami, bila mzigo.

Jumapili moja kaka akaja kuijaribu. Nilimwonya kuhusu matuta. Akapanda, akaenda mpaka njiapanda, akageuza njia ya vumbi yenye mawe ya matumbawe, akarudi. Nilikuwa nasubiri atukane. Akazima injini, akaitazama kwa nyuma, akasema polepole, "Mdogo wangu, hii mbona ni ileile. Hivi ndivyo ilivyokuwa miaka minne ya mwisho."

Hakuwa anatania. Shokapu zikifa hazitoi taarifa. Mafuta yanavuja, springi inachoka, mzigo unaikandamiza mpaka chini, na siku moja chuma kinagonga chuma. Wenzake stejini huchomeka vipande vya raba ya tairi katikati ya springi ili zisibonyee. Kaka alifanya hivyo pia. Pea mpya ni elfu tatu na kitu, na kila mwisho wa mwezi zile elfu tatu zilikuwa na mahali pengine pa kwenda. Baadhi ya miezi hiyo naweza kuitaja, kwa sababu ina tarehe ya mwisho ya kulipa karo.

Ana miaka thelathini na sita. Akiinama kufunga kamba za viatu, anashika ukuta kwanza.

Nilikwenda kusoma baadaye. Umoja wa Ulaya una agizo la mwaka 2002 kuhusu mtikisiko wa mwili mzima kazini, kwa ajili ya madereva wa matrekta, matingatinga na malori. Linapima mtikisiko anaoupata mfanyakazi kwa siku ya saa nane. Ukifika 0.5 kwa kipimo chao, mwajiri anatakiwa achukue hatua za kuupunguza. 1.15 ndiyo mwisho, haivukwi. Kwamba kutikiswa miaka mingi kunaharibu kiuno, kwao si habari, ni namba kwenye sheria. Kaka yangu hana mwajiri. Hakuna aliyewahi kwenda stejini na kifaa cha kupima, na siku yake ya kazi haijawahi kuwa ya saa nane.

Basi hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu na ule mkia wangu mgumu. Mimi nimetoa springi kwa elfu kumi na moja, nikaita urembo. Yeye zilimfia moja moja, na hakukuwa na jina la kuiita hali ile. Njia ni ileile, kishindo ni kilekile, matuta ya Mambrui hayajui nani amechagua na nani hakuchagua. Tofauti ni kwamba mimi nikichoka napaki.

Sijaiuza, na sina mpango. Mtu asinielewe vibaya: ile pikipiki ni nzuri. Watoto wa mtaa huja kuigusa, fundi huleta wateja wake waione kama saini yake, na mama, ambaye hajawahi kuisifu, ameanza kuifunika kwa leso mvua ikinyesha. Maskini pia ana haki ya kitu kizuri kisichoingiza pesa. Nilisema hivyo mwanzo na bado nasema.

Ila siku hizi mtu akiniambia najitegemea, namjibu. Namwambia kuhusu ule mtindo wa 1984, springi zilizofichwa chini mtu asizione. Namwambia nina kaka. Ukiona kijana wa mji huu amesimama wima na maisha magumu hayamtikisi, chungulia chini ya kiti. Kuna mtu pale anayebonyea badala yake.

Pikipiki mpya ya kaka ina miezi kumi na nne sasa. Wiki iliyopita niliibonyeza nyuma kwa mikono miwili, ikashuka na haikurudi vizuri, na chini ya shokapu ya kushoto kulikuwa na doa jeusi la mafuta. Mhariri mmoja alikuwa amenilipa siku hiyohiyo. Nilimpigia fundi, nikamuuliza bei ya pea, zile imara za mizigo. Akataka kujua ni za mashine yangu, nimebadilisha mawazo?

Nikamwambia hapana. Yangu iache ilivyo. Hizi ni za mtu anayefanya kazi.